Ndimu Mikononi mwa Baba

Wiki iliyopita nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikasikia watu wakicheka habari za baba yangu. Aliyekuwa akiwachekesha hakujua kuwa nimo.

Ofisi yetu ilitupeleka semina pale Mchafukoge, ukumbi wa ghorofani wenye feni zinazopiga kelele kuliko zinavyopuliza. Mwezeshaji alikuwa mwanamume wa makamo, kipara, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba. Alipopiga makofi na kusema, "Jamani, tukae duara!" miguu yangu ilisimama kabla sijamtambua. Nilimtambua alipocheka. Mtu hunenepa, huota mvi, hupoteza nywele, lakini kicheko chake hubaki kilekile. Alikuwa kaka yetu wa duara, yule aliyetufundisha michezo ya kuigiza nilipokuwa msichana wa kidato cha pili.

Tulipomaliza kunyoosha viungo akatusimulia kisa. "Zamani, nikiwa kijana Kariakoo, tulikuwa na igizo la baba mmoja na ndimu." Akakisimulia chote, kwa madaha, anajua wapi atue na wapi apandishe sauti. Ilionekana wazi ameshakipitisha kumbi nyingi. Watu wakacheka, wakanyamaza, kisha wakapiga makofi. "Hiyo ndiyo nguvu ya sanaa," akamalizia, akafuta miwani yake.

Wakati wa chai nilimfuata. Nikamwambia shikamoo.

"Marahaba, dada yangu. Sura si ngeni hii. Tulionana wapi?"

"Kariakoo," nikasema.

"Ah! Kariakoo! Nyumbani kule!" Akachukua sambusa, akageukia mtu mwingine aliyekuwa akimngoja. Nikaweka kikombe mezani, nikachukua mkoba wangu, nikashuka ngazi. Sikurudi semina. Nilitembea kwa miguu mpaka mtaani kwetu, jua la saa tano likinichoma utosi, na njia nzima nilikuwa nikiongea peke yangu kama mwehu.

Mtaa wetu ungeupita usiujue. Pale palipokuwa nyumba yetu pana jengo refu la vioo, chini wanauza makava ya simu, juu mapazia. Mlinzi aliponiona nimesimama nimekodoa macho akaniuliza, "Dada, unatafuta nini? Mapazia ghorofa ya pili." Nikamwambia napumzika tu. Akanipa nusu ya benchi lake, kijana wa watu, Mungu ambariki. Hapo ndipo nilipokaa nikayakumbuka haya, na wewe nakusimulia kama nilivyoyakumbuka.

Nyumba yetu ilikuwa ya Kiswahili, ya chini, bati lina kutu, ukumbi katikati na vyumba huku na huku, kila chumba na redio yake. Ukipita ukumbini kutoka mlango wa mbele mpaka uani ulikuwa umesikia taarifa ya habari, mawaidha, taarabu na tangazo la sabuni. Uani palikuwa na bomba, kamba za nguo, na mpapai dume uliokuwa ukitukanwa kila mwaka kwa kutozaa na kila mwaka ukasamehewa. Mama alikaanga vitumbua barazani. Kazi yangu ilikuwa kupaka mafuta kwenye vishimo vya kikaango kwa kijiti kilichofungwa kitambaa, macho bado yana usingizi, huku harufu ya iliki ikipanda na mikokoteni ikianza kupita. "Mguu huo! Angalia mguu!" Wabeba mizigo walipiga kelele hiyo toka adhana ya alfajiri mpaka magharibi. Mpaka leo nikisikia mtu akisema mguu, narudi nyuma hatua moja.

Duka la jirani lilikuwa la mzee mmoja kutoka Kilimanjaro. Binti yake alikuwa shoga yangu. Kwao Krismasi, kwetu Idi, na sahani zilivuka ukuta kwa pande zote mbili. Tulikula pilau la mama yangu na ndizi nyama za mama yake mpaka watu wakawa hawajui yupi anatoka nyumba ipi. Nilimwambia kila kitu, naye akaniambia kila kitu, au ndivyo nilivyodhani.

Baba alikuwa karani wa ghala, huko huko Mchafukoge, kwa tajiri mmoja wa jumla. Asubuhi alipigiwa pasi ya mkaa shati jeupe, akabeba hotpoti lake ndani ya mfuko wa kitambaa, akatoka anatembea polepole ili watu wamwone. Hakuwa mtu wa maringo, ila shati lile alilipenda. Mimi nilirithi jina la mama yake mzazi, kwa hiyo hakuniita jina langu hata siku moja. Aliniita mama. "Marahaba, mama. Umeamkaje, mama? Mama, nipe maji." Wageni walicheka kusikia mtu mzima mwenye masharubu akimwamkia mtoto wake kwa adabu kiasi kile. Mimi nilijiona malkia wa nyumba.

Sasa nikupeleke kwenye duara.

Tulikutana Jumatano na Jumamosi jioni katika jengo la zamani lililokuwa darasa la ushonaji. Meza za kukatia vitambaa zilisogezwa ukutani, tukavua viatu, na mara kwa mara mtu aliruka akishika unyayo kwa sababu ya pini iliyosahaulika sakafuni. Tuliitwa vijana wa kujitolea. Tulivaa fulana za rangi ya machungwa zilizotufika magotini. Mvua zikifurisha bonde la Jangwani tulikwenda kuwaonyesha akina mama jinsi ya kutibu maji ya kunywa, na siku nyingine tulifundishwa sisi wenyewe, stadi za maisha, namna ya kusema hapana, namna ya kushika hasira isikutoke, namna ya kumuuliza daktari swali bila kuona haya. Mwalimu wetu wa hisabati alituzodoa darasani, "Nyie mnaofundishwa kombolela na watu wazima." Hatukujali. Tulikuwa na kaka.

Kaka alikuwa kijana mwembamba mwenye sauti nzito isiyolingana na mwili wake. Alitufundisha mchezo wa kioo, mnasimama wawili uso kwa uso na mmoja anaiga kila kitu cha mwenzake, hata kupepesa. Alitufundisha sanamu, akipiga kofi kila mtu anaganda alivyo. Nilioupenda zaidi ni mlevi. Unasimama katikati, unafumba macho, unajikaza kama gogo, unajiachia. Wenzako wanakudaka, wanakusukuma upande wa pili, wanakudaka tena. Mara ya kwanza niliogopa mpaka nikacheka, mara ya pili nikasikia mikono ile mgongoni nikasema moyoni, hawa hawawezi kuniangusha.

Baada ya michezo tulikaa chini tukajadiliana, tukinywa juisi ya ukwaju kwenye vifuko. Kabla hatujaanza, kila mmoja aliweka mkono begani kwa jirani yake tukasema kwa pamoja, "Ya duara hayavuki duara." Kaka ndiye aliyetunga kiapo hicho. Alikisema kwa macho makavu, hatabasamu, nasi tukakiogopa kama msahafu.

Kipindi hichohicho nyumbani pakaanza jambo la ndimu. Baba akirudi jioni alipitiliza mpaka bombani. "Mama watoto, nipe ndimu. Dawa za wadudu za ghalani zinanata mikononi, hazitoki kwa sabuni." Mama alimjibu, "Ndimu tena?" akampa. Alisugua vidole, kucha, mpaka viwiko. Ikawa desturi kama swala. Nami sikujiuliza, maana mtoto hajiulizi ya baba yake.

Mpaka Jumamosi moja. Kulikuwa na hitima kwa shangazi, mama amezidiwa na kazi, akanituma Feri kununua samaki wa mchuzi. Feri unaijua, kelele za mnada, maji yamelowa mpaka kwenye ndara, moshi wa wakaangaji unaokuliza machozi. Nilikuwa napita kwenye safu ya wapara samaki, wale wanaokaa kwenye vigoda wakikwangua magamba kwa ajili ya wateja, nikamwona baba.

Alivaa aproni ya nailoni na viatu vya mvua. Shati lake jeupe lilitundikwa msumarini nyuma yake, limefunikwa mfuko, halina hata kunjo. Kisu kilikuwa kinakwenda mkononi mwake kama mtu aliyezaliwa nacho. Mama mmoja mkaangaji alimtupia utani, sikuusikia, na baba yangu akarusha kichwa nyuma akacheka. Alicheka mpaka akaweka kisu chini. Nyumbani hakuwahi kucheka vile, hata sikukuu.

Nilirudi nyuma kabla hajaniona, nikaenda kununua samaki soko la Kariakoo, mama akanigombeza kuwa nimemletea wa jana. Usiku ule nilielewa yote. Ghala lilikuwa limempunguza kazi, na yeye hakutaka tujue. Ndio maana ndimu.

Nilikaa na jambo lile wiki nyingi. Sikuona aibu ya samaki, naomba unielewe. Kilichonielemea ni kumwona asubuhi akipigiwa pasi shati, mama anavuja jasho juu ya makaa, na mimi katikati yao najua. Nikawa namwamkia baba kwa kuangalia sakafu.

Kaka aliona. Alikuwa hodari wa kuona, hilo simnyimi. Siku moja tulifanya zoezi aliloliita zigo, kila mtu anasimama katikati anataja mzigo mmoja anaobeba. Zamu yangu ilipofika nikasema sina. Akaniambia taratibu, "Una zigo, mdogo wangu. Mgongo wako unasema. Hapa kuna mikono mingi, tua." Nikatua. Niliwaambia shati, hotpoti, Feri, aproni, ndimu. Niliwaambia na kile kicheko, tena nilikisema mara mbili, kwamba baba yangu anafurahi kule, na sijui nifurahi au nilie. Nikalia. Wote wakaniwekea mikono. Shoga yangu alilia kuliko mimi. "Asante kwa kutuamini," kaka akasema. Usiku ule nililala kama mtoto mchanga.

Haukupita muda nikashikwa na malaria. Nililala ndani, natapika vidonge, mdomo mchungu, sauti za mtaa zinakuja na kuondoka. Shoga yangu alikuja kunitazama na machungwa. Alinimenyea, akanisimulia umbeya wa shule, akaniambia kuwa Jumamosi kikundi kitaonyesha igizo jipya mtaani kwetu. "La nini?" nikamuuliza. "Utaliona," akajibu, akaendelea kumenya.

Jumamosi homa ilikuwa imeshuka. Nilijifunga khanga mbili nikatoka kukaa barazani. Watu walikuwa wamejaa, mabenchi ya mzee wa kahawa yameazimwa, watoto wamekaa chini, wabeba mizigo wamesimamisha mikokoteni. Mama alikaa pembeni yangu, amevaa baibui lake jipya, ana furaha kwamba mwanawe yumo kwenye kikundi cha maana. Ngoma ikapigwa.

Kijana mmoja wa duara akatokea akiwa amevaa shati jeupe. Mke wake wa kwenye igizo, shoga yangu, akampa hotpoti. Kijana akatembea kwa mikogo, tumbo mbele, akiwapungia watu mkono kama mheshimiwa, na mtaa mzima ukaangua kicheko. Akazunguka, akavua shati, akavaa mfuko wa nailoni, akachuchumaa akaanza kupara samaki wa maboksi. Kicheko kikazidi. Mwili wangu ulipata baridi kuliko ile ya homa. Nikatazama uso wa mama. Alikuwa bado anatabasamu, lakini mikono yake ilikuwa imeacha kupiga makofi.

Walikuwa wamebadilisha jina, na badala ya ghala wakasema benki. Hiyo ndiyo heshima waliyotufanyia. Shati waliliacha, hotpoti wakaliacha, na ndimu wakaiacha, maana ndimu ilichekesha. Kile kicheko cha baba hawakukiweka. Baba wa igizo alikuwa mwongo na mjinga, basi.

Kijana akarudi "nyumbani" akasema, "Mke wangu, nipe ndimu, wino wa benki unanata mikononi!" Watu wakashika mbavu. Hapo kaka akaruka katikati, akapiga kofi. "Simamisha!" Waigizaji wakaganda, sanamu. Ndiyo ilikuwa namna ya maigizo yetu, mchezo unasimamishwa penye tatizo na mtu wa mtaani anaalikwa kuingia abadilishe. "Ndugu wananchi," kaka akasema, "mke huyu anadanganywa kila siku. Nani ataingia amsaidie?"

Mama akanyanyuka.

Nilimshika baibui, akautoa mkono wangu polepole. Wanawake wakapiga vigelegele, "Mama Vitumbua! Mwonyeshe huyo!" Niliamini hajui kitu. Niliamini anakwenda kucheza kama wanavyocheza wengine, na nikaona ninavyokufa. Ndipo, nyuma ya watu, karibu na mkokoteni wa magunia, nikamwona baba. Ametoka kazini. Mfuko wa hotpoti uko mkononi.

Mama alichukua nafasi ya shoga yangu, akajifunga khanga yake ya igizo. Hakupaza sauti. Alichukua ile ndimu ya igizo, akaikata kwa meno, akamshika mikono akaanza kumsugua, kidole kimoja kimoja.

"Ndimu haimalizi harufu, mume wangu," akasema. "Mashati yako nafua mimi. Magamba nayaona kwenye mikono ya shati toka mwezi wa kwanza. Kazi ni kazi. Kula, upumzike, kesho uamkie kazini kwako."

Hakuwa akimtazama kijana. Alikuwa akitazama mbali, juu ya vichwa vya watu, kule kwenye magunia. Alijua muda wote. Alikuwa akijua na akanunua ndimu kwa mkono wake, kila asubuhi, ili mumewe aendelee kuwa na lake. Baadaye aliniambia kwamba alipomwona baba amesimama pale peke yake, mtaa mzima unamcheka, alitaka ajue kwamba ana mtu. Hakukuwa na njia nyingine ya kumfikia.

Lakini watu wana macho. Walifuata macho yake. Kwanza mwanamke mmoja akageuka, kisha benchi zima, kisha wote. Baba akabaki amesimama na hotpoti lake.

Hapo kaka angeweza kupiga ngoma. Angeweza kusema igizo limekwisha, kesho tutaonana. Alimwona mama, akamwona baba, akaniona mimi, akaelewa kila kitu, nakuapia, maana nilimwona akielewa. Uso wake ukang'aa. Alikuwa amepata kitu ambacho hakuna kikundi kilichowahi kukipata. Akapiga kofi.

"Simamisha! Sasa tujadiliane. Je, mama huyu amefanya sawa kumsitiri mume mwongo?"

Na watu wakajadiliana. Yale majadiliano tuliyofundishwa, kila mtu anyooshe mkono, kila mtu aheshimu hoja ya mwenzake, wakayafanya juu ya ndoa ya wazazi wangu, mchana kweupe, mlangoni kwetu.

"Mwongo ni mwongo, hata akidanganya kwa mapenzi!" alisema mmoja.

"Mwanamume kuficha shida yake ni heshima," akajibu fundi cherehani, mpangaji wetu. "Mlitaka atangaze?"

"Heshima gani ya kunuka samaki?"

"Baba Feri!" kijana mmoja akapiga kelele kutoka juu ya mkokoteni. "Baba Feri, shikamoo!"

Kicheko kilichofuata bado nakisikia. Mama akaikunja khanga ya igizo vizuri, akaiweka juu ya kigoda, akaingia ndani. Baba alikuja nyuma yake. Watu walimpisha njia, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko wangemzuia.

Ndani aliketi kitandani. "Wote mlikuwa mnajua," akasema. Mama akajaribu kusema, akamnyamazisha kwa kiganja. "Nani aliwapa habari zangu wale?"

"Mimi, baba, lakini niliwaambia ndani ya duara, waliapa..."

"Basi," akasema. Kisha akaniita kwa jina langu. "Basi, nenda kapumzike, unaumwa." Kwa jina langu, kama anavyolisoma mwalimu kwenye mahudhurio. Tangu siku ile ndivyo anavyoniita.

Kesho yake nilikwenda kwenye darasa la ushonaji, homa na yote. Kaka alikuwa amekaa juu ya meza anaimba. "Tulibadilisha majina," akaniambia kabla sijafungua mdomo. "Na mama yako, wallahi, ni mwigizaji wa kuzaliwa. Hukuona watu walivyoguswa? Mdogo wangu, zigo lako limefundisha mtaa mzima. Ungepaswa kujivunia." Nilimwambia ameniua. Akaniwekea mkono begani, ule ule wa kiapo, akasema hasira yangu ni hatua, itapita. Haikupita.

Shoga yangu alinifuata mbio mpaka njiani. "Alituambia umekubali," akalia. "Alisema amekuja kwenu akakuomba, ukasema sawa." Nikamuuliza, "Ulikaa kitandani kwangu ukinimenyea machungwa. Mdomo ulikuwa wapi?" Akasema kaka aliwakataza wasinisumbue kwa kuwa naumwa. Labda ni kweli. Lakini alikuwa ameshajifunza maneno ya mama yangu kwa moyo, na hilo halifanywi kwa siku moja. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nikiusoma msemo ule kwenye mitihani na kujaza nafasi iliyoachwa wazi, siku ile nikaujua. Hatukugombana. Sahani ziliendelea kuvuka ukuta Idi na Krismasi, ila sisi wenyewe hatukuvuka tena.

Baba hakudumu Feri. Vijana wa mtaa walikuwa wakimfuata hadi kule kwenda kumwamkia kwa lile jina, na wenzake wa kwenye safu wakajua kwamba nyumbani alikuwa akiwaficha, wao na kazi yao, kama mtu anavyoficha ulevi. Alikaa barazani miezi mingi, amevaa shati jeupe, haendi popote. Kisha akapata kazi ya ulinzi wa usiku Mbagala, tukahama, na nyumba yetu wakabomoa wengine. Mama hakuwahi kumlaumu mtu. Alisema jambo moja tu, siku moja tukipepeta mchele. "Angeniambia mwenyewe siku moja. Nilikuwa nangoja. Nilikuwa nimeshapanga na nitakachomjibu."

Ndicho walichomwibia mama, na hakuna semina itakayokirudisha. Watu huniambia nisamehe, ni zamani, yule kijana naye alikuwa mdogo. Sawa, alikuwa mdogo. Wiki iliyopita hakuwa mdogo.

Nilimshukuru mlinzi kwa benchi lake nikanyanyuka. Mtaa ule haupo. Vitumbua havikaangwi barazani kwa kuwa baraza hazipo, redio zimeingia masikioni mwa wenyewe, na duka la jirani limekuwa ngazi ya kwenda chini kwenye stoo. Nikipewa siku nzima naweza kukusimulia mtaa ule kuanzia kona mpaka kona. Huo angalau uliondoka ukaniachia habari zake.

Mwezi uliopita mama alinivuta jikoni kwake, kule Mbagala, akaninong'oneza kwamba baba yangu amegunduliwa ana tezi, anakwenda hospitali kila wiki, na daktari anataka kumpasua. "Usimwambie kama nimekuambia." Nikaenda sebuleni. Alikuwa amekaa wima, amechana nywele, anafuatilia mpira. Nikamwamkia, nikakaa karibu yake, nikamuuliza, "Baba, afya vipi? Hakuna kinachokusumbua?"

Aligeuka akanitazama, kwa upole, kama unavyomtazama mgeni aliyetoka mbali. Nilifundishwa kwenye duara kumtambua mtu anayeigiza, na baba yangu anaigiza vizuri.

"Niko salama kabisa," akasema, akanitaja jina. "Watoto hawajambo?"

Nikamwambia hawajambo.